Bipu Moja ni Sawa, Bipu Mbili ni Shida

Mama huyo aliingia chumba cha ushauri akiwa ameshika simu ambayo haikuwa yake, akaiweka juu ya meza yangu kama mtu anayerudisha kitu kilichomuunguza, akasema, "Dada, nani amewatuma?" Simu ilikuwa ya wifi yake. Ya kwake ilikuwa imekufa betri tangu msimu wa kupanda viazi, na siku ya kuandikishwa kliniki alitupatia namba ya wifi kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikipatikana pale nyumbani. Kwenye kioo chenye ufa kulikuwa na maneno haya: "Ndugu mteja, unakumbushwa kuhudhuria kliniki yako ya CTC tarehe 14. Usiache dawa." Wifi aliusoma ujumbe kabla ya mwenyewe, na huku kwetu mkoani Njombe ni vigumu kumpata mtu mzima asiyejua herufi hizo tatu zinasimama badala ya nini: kliniki ya huduma na matibabu kwa wanaoishi na VVU. Jua lilipozama mama mkwe alikuwa ameshaambiwa.

Ujumbe ule haukuandikwa na mtu yeyote wa kituo chetu. Ulitoka kwenye mfumo wa kompyuta uliofungwa na mradi mmoja, mfumo uliokuwa ukichukua tarehe za miadi na kuzituma kwa namba zote kwa mpigo, na aliyejaribu kujibu, jibu lake halikuwa na pa kwenda. Mama alikuwa amejaribu. Akisaidiwa na mwanawe wa darasa la sita aliandika "msitume tena", akaletewa taarifa kwamba ujumbe haukufika. Baada ya siku ile alikaa miezi mitano bila kuchukua dawa, na aliporudi kiwango chake cha virusi, ambacho kilikuwa hakionekani kabisa kwenye kipimo, kilikuwa kimepanda hadi maelfu. Nimebadilisha mambo kadhaa katika simulizi hili ili asitambulike, lakini miezi mitano sijaibadilisha.

Nayaeleza haya nikiwa muuguzi ninayeiamini simu. Ninafanya kazi kando ya barabara kuu iendayo Zambia, mahali ambapo malori hulala, mbao hupakiwa, na vijana wa mashamba ya chai huja mjini siku ya mshahara. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, asilimia 4.4 wanaishi na VVU. Kwa Njombe peke yake kiwango ni asilimia 12.7, cha juu kuliko mkoa mwingine wowote. Utafiti huohuo ulikadiria maambukizi mapya yapatayo 60,000 kwa mwaka miongoni mwa watu wazima. Mtu anayefanya kazi katika mkoa kama huu hawezi kukidharau chombo kilichomo mfukoni mwa karibu kila dereva, kila kibarua na kila mwanafunzi wa chuo. Ninachouliza ni chombo hicho kinamfanyia nini aliyekishika, na anapojibu, nani yupo upande wa pili.

Kuna msomaji atakayejiuliza kwa nini nazungumzia kinga kwa kuanza na mtu ambaye tayari ana virusi. Sababu ni kwamba dawa za kufubaza virusi ni kinga pia, na hili halijaenea mitaani kama linavyostahili. Mwaka 2011 utafiti uliohusisha jozi 1,763 za wenza katika nchi tisa, ambao mmoja wao ana VVU na mwingine hana, ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenza kwa asilimia 96. Mwaka 2016 utafiti mwingine uliofanyika Ulaya ukatoa taarifa za jozi 888 za wenza walioshiriki tendo la ndoa bila kondomu huku virusi vya aliyeambukizwa vikiwa vimefubazwa, na hapakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake. Kwa hiyo yule mama aliyeacha dawa kwa miezi mitano alipoteza afya yake, na mume wake, ambaye alikuwa amepimwa na kukutwa hana, akapoteza kinga yake bila kujua. Ujumbe mmoja uliotumwa bila kufikiri uliwagusa watu wawili kwa siku moja.

Sasa niende Kenya, kwa sababu huko ndiko swali langu lilikoanza kupata jibu, tena kwa Kiswahili. Kati ya Mei 2007 na Oktoba 2008, watafiti wa mradi ulioitwa WelTel, wakiongozwa na daktari Mkanada, Richard Lester, waliwaandikisha watu wazima 538 waliokuwa wakianza dawa katika kliniki tatu: mbili za Nairobi, moja ikiwa Pumwani, na nyingine ya Kajiado, kwenye nchi ya wafugaji. Nusu yao waliendelea na huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipokea kila wiki ujumbe mfupi wa neno moja: "Mambo?" Ujumbe haukutaja dawa, kliniki, tarehe wala ugonjwa. Aliyeupokea alitakiwa kujibu ndani ya saa 48 kwa neno moja kati ya mawili, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na muuguzi. Aliyekaa kimya alipigiwa pia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet. Waliomeza dawa zao kwa ukamilifu unaotakiwa walikuwa asilimia 62 upande wa waliopata ujumbe na asilimia 50 upande wa pili. Waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48. Tofauti ya asilimia tisa haionekani kubwa mpaka uihesabu kwa vichwa vya watu waliokaa kwenye benchi la kliniki yako. Gharama ilikuwa kama senti tano za dola kwa kila ujumbe, na watafiti walikadiria kwamba muuguzi mmoja angeweza kuwafuatilia watu 1,000 kwa njia hiyo na kulazimika kuwapigia wapatao 33 tu kwa wiki. Nilipoisoma hesabu hiyo kwa mara ya kwanza niliirudia mara tatu, kwa sababu mimi nilikuwa nashinda nikiwapigia simu watoro kwa kufuata orodha, wenye matatizo na wasio na matatizo, mpaka vocha inaisha kabla sijamfikia aliyenihitaji.

Nimeifikiria sana ile jozi ya maneno, "Sawa" na "Shida", kwa sababu kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua jinsi salamu zetu zilivyo. Ukimuuliza mtu habari za nyumbani atasema nzuri, hata kama amefiwa juzi; uzuri hutangulia, kisha ndipo husema, "ila mtoto anaumwa kidogo". Huo "ila" ndio habari yenyewe, nao hauji mpaka anayesalimiwa aone kwamba aliyeuliza bado amesimama, hajaenda zake. Kliniki nyingi huondoka kabla ya "ila". Tunauliza, "Unaendeleaje na dawa?", mtu anasema, "Naendelea vizuri", tunaandika kwenye kadi, tunamwita anayefuata. Ule ujumbe wa Kenya uliweka "Shida" mbele kabisa, sambamba na "Sawa", kama jibu halali ambalo mtu anaweza kulitoa bila aibu na bila kuzunguka. Tena uliupa ukimya maana: kutojibu kulihesabiwa kuwa ni kusema kitu.

Hata hivyo, neno lililofaa Nairobi haliwezi kuhamishwa hivihivi. Nina wateja wa miaka 65, wazee waliotulia, Wabena wanaoanza mazungumzo kwa "Kamwene" na kungoja kuitikiwa; mimi muuguzi wa umri wa binti zao nikiwatumia "Mambo?" watadhani namba imepotea au nimekosa malezi. Kwao tunaandika "Shikamoo, habari za huko?" Kwa vijana wa bodaboda "Mambo?" inafaa, ingawa mkono wao huwa umeshaandika "poa" kabla hawajafikiri, ndiyo maana tuliwaomba wachague neno jingine. Mwanamke mmoja alituomba ujumbe wake uulize bei ya mahindi, kwa sababu ana duka na hakuna atakayeshangaa. Katika daftari letu, mbele ya kila namba ya kadi, kuna safu ya salamu ambayo mwenyewe ameichagua, na safu nyingine inayosema simu hiyo ni ya nani na nani mwingine huishika. Safu hiyo ya pili ilianzishwa kwa sababu ya yule mama.

Jambo la salio lilitatuliwa kwa namna ambayo watafiti wengi wasingeifikiria. Wateja wetu hawana salio la kujibu, lakini kila Mtanzania anajua kubipu. Tukakubaliana hivi: ujumbe ukifika, bipu moja ni sawa, bipu mbili ni shida. Haigharimu kitu, haiachi maandishi kwenye simu, na hata asiyejua kusoma anaiweza, mradi aitambue namba yetu.

Sitaki nimfanye mtu aamini kwamba ujumbe wa simu hufanikiwa kila mahali, kwa sababu haujafanikiwa. Huko Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, utafiti wa mwaka 2011 uliowapa watu simu na kuwakumbusha kumeza dawa uligundua kwamba ukumbusho wa kila wiki ulisaidia: asilimia 53 walifikia kiwango kilichotakiwa, dhidi ya asilimia 40 ya wasiokumbushwa. Ukumbusho wa kila siku haukusaidia. Yeyote aliyewahi kupigiwa simu kila siku na mtu anayemdai anaelewa kwa nini. Kwa wasichana 348 wa Kisumu na Thika, wenye umri wa miaka 18 hadi 24, waliokuwa wakitumia dawa kinga ya asiye na VVU, ambayo wengi wanaijua kwa jina la PrEP, ukumbusho wa ujumbe mfupi haukuleta tofauti yoyote, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021. Nayaelewa matokeo hayo kutokana na mabinti wanaokuja kwangu. Binti anayeacha dawa kinga mara chache sana ameisahau. Ameiacha kwa sababu mama yake amekikuta kichupa kabatini na kudhani ni ARV, dawa za mwenye VVU, au kwa sababu mpenzi amemuuliza anajikinga na nani. Kumkumbusha saa mbili usiku hakumpi maneno ya kumjibu mama yake.

Kinachonisumbua zaidi ni utafiti wa Kibera uliotolewa mwaka 2018, kwa kuwa huo ulitumia njia ileile ya WelTel, ya kuuliza na kungoja jibu, kwa watu 700 waliokuwa wamegundulika karibuni, na baada ya mwaka mmoja haukuonyesha kwamba ujumbe uliwabakiza kliniki wengi zaidi. Nimejaribu kuwa mkweli kwa nafsi yangu kuhusu hilo. Maoni yangu, na ni maoni ya muuguzi tu, ni kwamba mtu aliyepewa majibu wiki iliyopita hajawa tayari kuijibu simu ya mtu asiyemjua uso. Bado anaamka usiku akidhani kipimo kilikosea. Huyo anahitaji kwanza mtu wa kukaa naye kwenye benchi, na kazi hiyo kwetu hufanywa na WAVIU washauri, watu wanaoishi na VVU ambao humwambia mgeni, "Mimi mwenyewe niko mwaka wa kumi na nne", kisha wanamwonyesha kadi yao. Simu huja baadaye, baada ya sura kujulikana. Ufadhili wa nje ulipositishwa mapema mwaka 2025 na washauri hao wakaacha kulipwa posho, ujumbe wetu wa simu uliendelea kwenda kila wiki, na bado wateja wapya walipungua kurudi. Baadhi ya washauri wanaendelea kuja bila posho. Nawataja hapa kwa sababu hakuna mfumo wa kompyuta unaowataja.

Pengo letu kubwa kitaifa, hata hivyo, liko kwa wasiojua hali zao. Ule utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wanaoishi na VVU asilimia 82.7 ndio waliojua. Waliojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na waliokuwa kwenye dawa, asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Anayefika mlangoni kwetu mara nyingi hufika salama. Asiyefika ndiye tusiyeweza kumtumia ujumbe, maana hatuna namba yake. Sheria yetu ilirekebishwa mwaka 2019, ikaruhusu mtu kujipima mwenyewe na ikashusha umri wa kupimwa bila idhini ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15, na hapo ndipo simu imepata kazi mpya ambayo naiona kila wiki.

Usiku mmoja, kama saa nne, ilinifikia picha kwa WhatsApp kutoka namba nisiyoijua. Ilikuwa kitepe cha kujipima kwa majimaji ya kinywa, kimewekwa juu ya daftari la chuo, na chini yake neno moja: "Dada?" Mstari wa kwanza ulikuwa mnene. Wa pili ulikuwa hafifu kama alama ya kucha. Sikuandika maana ya mistari. Niliandika, "Uko peke yako?" Akajibu ndiyo. Nikauliza amesubiri dakika ngapi, kwa sababu kipimo kile husomwa baada ya dakika 20 na kabla ya dakika 40, na kikiachwa kikakauka kinaweza kuonyesha kisichokuwepo. Alisema alikitazama kwenye dakika ya 25, akakirudia kukitazama mpaka akaona macho yanamdanganya. Ndipo nikampigia. Nilimweleza kwamba mstari wa pili, hata ukiwa hafifu, unamtaka aje apimwe upya kwa vipimo vya kituoni, kwamba haya ni majibu ya awali na hayajawa ya mwisho, na kwamba kesho saa mbili nitakuwa nimesimama nje nimevaa sweta la bluu. Tulizungumza mpaka bando langu likakata, akapiga yeye. Alikuja. Majibu yake ni yake, siyaandiki hapa, ila nitasema kwamba siku hiyohiyo alitoka na dawa za aina moja kati ya mbili tulizonazo, za kutibu au za kukinga.

Kuna saa nyingine ambazo simu inazifaa kuliko chombo chochote, nazo ni saa 72. Aliyebakwa, aliyepasukiwa kondomu, au muuguzi aliyejichoma sindano ana muda huo tu wa kuanza dawa za dharura, ambazo humezwa kwa siku 28, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Nimeona wengi mno wakifika siku ya tano, wamevaa vizuri, wamejipa moyo wa kuja, na muda umeshapita. Kama ningepewa redio zote za mkoa kwa dakika moja, ningeisema namba hiyo tu, 72, na kumwambia kila mtu apige simu kituo cha jirani usiku uleule.

Ipo pia sindano ya dawa kinga iitwayo lenakapaviri, inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Katika utafiti wa Afrika Kusini na Uganda uliotangazwa mwaka 2024, kati ya wanawake vijana 2,134 waliochomwa hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Itakapotufikia kwa wingi, hakutakuwa na haja ya kumkumbusha mtu kila siku, na kile kichupa cha kabatini hakitakuwepo tena cha kuonwa na mama.

Juu ya siri sitazunguka. Mwaka 2015 Rais wa Kenya aliagiza zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU pamoja na walezi wao, na Desemba 2016 Mahakama Kuu jijini Nairobi ikaamua kwamba agizo hilo lilivunja haki yao ya faragha. Nchini Singapore, taarifa za watu 14,200 wenye VVU zilivujishwa mtandaoni, jambo lililotangazwa Januari 2019. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023, na kabla yake laini zote za simu zilishasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo namba ya simu siku hizi ni jina kamili la mtu. Orodha ya namba za wateja wa CTC ni orodha ya majina. Ninapoona mradi mpya unakuja na programu nzuri yenye rangi na kuomba tuwape "namba tu", huuliza zitahifadhiwa wapi, nani ataziona, na mradi ukiisha zitakwenda wapi. Mara mbili nimeonekana mkorofi kwa kuuliza hivyo, na mara moja walioomba namba walinisikiliza wakabadilisha utaratibu.

Jumatatu iliyopita tulituma salamu saa tatu asubuhi kama kawaida. Bipu zilianza kuingia, mwenzangu akizitia alama daftarini, moja, moja, moja. Karibu saa sita simu ililia ikakatika, ikalia tena ikakatika. Ilikuwa namba ya dereva ambaye kwenye safu ya salamu ameandikisha "Mzigo umefika?" Nilimpigia. Alikuwa Nakonde, upande wa Zambia, lori limezuiwa kwa karatasi za forodha, na dawa zilizobaki kwenye kichupa zilikuwa za siku tatu. Nyumbani Makambako ana mke mjamzito ambaye hana VVU. Nilipiga simu kliniki ya Tunduma, nikawasomea namba ya kadi yake, wakakubali kumhudumia kama mteja aliye safarini. Alivuka mpaka kwa miguu alasiri hiyo. Saa kumi na moja jioni, nikiwa nafunga dirisha, simu ililia mara moja.

Nilingoja kidogo kama italia tena. Haikulia. Nikatia alama.